Kadi ya njano si bima ya gari ulilokodi: yajue madai kabla hujavuka mpaka

WAFANYABIASHARA wengi wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki kwa gari la kukodi huulizwa swali moja mapema: kadi ya njano iko wapi? Wakishaionyesha na kuruhusiwa kupita, huondoka wakiamini kuwa wao na gari wana bima kamili. Imani hiyo imewagharimu wengi mtaji, kwa sababu kadi hiyo ipo kwa ajili ya mtu utakayemgonga. Gari unaloliendesha halimo.

Makala haya yanaeleza bima hiyo inaishia wapi, mkataba wa kukodi unaanzia wapi, na fedha za mteja hupotelea wapi katikati ya hivyo viwili. Mfano utakaotumika ni safari ya kutoka Nairobi kwenda Kampala, lakini hesabu zake ni zile zile kwa anayekodi gari Arusha, Kigali au Lusaka.

Safari ya siku nne

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa mchele wa Dar es Salaam anayeshuka Nairobi kwa ndege. Ana wateja wawili wa kuwaona mjini hapo, na mmoja Kampala ambaye ana deni lake la mzigo uliopita. Anakodi gari dogo kwa Sh 6,000 za Kenya kwa siku, siku 4. Kwa hesabu yake ya kichwani, gari litamgharimu Sh 24,000 pamoja na mafuta.

Karibu na Jinja, akiwa njiani kwenda Kampala, anagonga bodaboda. Dereva wa bodaboda anavunjika mguu, pikipiki inaharibika, na gari lake linapasuka rejeta, bampa na taa moja. Hakuna aliyekufa, na kadi ya njano anayo. Swali ni nani atalipa nini.

Kadi ya njano inalipa nini

Mpango wa kadi ya njano ulianzishwa kwa itifaki iliyosainiwa Addis Ababa mwaka 1986 na ukaanza kufanya kazi mwaka 1987. Unasimamiwa chini ya soko la pamoja la COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki ndani ya mpango huu, ndiyo maana gari la Kenya linaloingia Tanzania, au la Tanzania linaloingia Zambia, bado hutumia kadi hiyo hiyo. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Malawi, Zambia na Ethiopia nazo zimo. Msumbiji haimo, na anayeingia huko hulazimika kukata bima ya huko mpakani.

Kadi hii hutolewa na kampuni ya bima ambayo tayari imelikatia gari bima nyumbani. Ni nyongeza juu ya bima hiyo, kwa hiyo haiwezi kusimama peke yake. Ikiwa bima ya nyumbani imekwisha muda, kadi nayo haina nguvu hata kama tarehe yake bado haijafika.

Kazi yake ni mbili. Kwanza, inabeba dhima ya dereva kwa mtu wa tatu, yaani aliyeumia, aliyekufa au aliyeharibiwa mali, kwa kufuata sheria ya nchi ambako ajali imetokea. Pili, inachangia gharama za matibabu za dereva na abiria wa gari hilo la kigeni, hadi kiwango kilichowekwa.

Madai yenyewe hushughulikiwa na ofisi ya kitaifa ya mpango huo katika nchi ya ajali, kisha ofisi hiyo hurudishiwa fedha zake na ile ya nchi ilikotoka kadi. Kwa Kenya, kazi hiyo hufanywa na shirika la Kenya Re. Faida kwa msafiri ni kwamba hahitaji kuweka fedha taslimu kwa ajili ya majeruhi ili aruhusiwe kuendelea na safari.

Katika mfano wetu, basi, mguu wa dereva wa bodaboda na pikipiki yake vinaingia kwenye kadi ya njano. Rejeta, bampa na taa ya gari la kukodi haviingii. Mizigo iliyokuwa ndani ya gari haiingii. Siku ambazo gari litakaa gereji bila kumwingizia mwenyewe fedha haziingii.

Aidha, hata upande wa mtu wa tatu kuna ukomo. Kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya bima ya magari, Sura ya 405, kampuni ya bima inawajibika hadi Sh milioni 3 za Kenya kwa dai la mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, kinachobaki kinaweza kudaiwa kwa dereva au mwenye gari. Kila nchi ina ukomo wake, na kadi hufuata ukomo wa nchi uliyomo.

Bima ya gari lenyewe

Gari la kukodi hulindwa na bima kubwa ambayo mwenye gari ameikata. Kampuni za kukodisha huitaja kwa maneno mafupi kwenye mkataba, mara nyingi kwa herufi CDW, na mteja huambiwa kuwa "bima imo ndani ya bei". Neno hilo ni la kweli kwa nusu tu.

Kwanza, kuna kiasi ambacho mteja hubeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Kwenye mikataba ya Kiingereza huandikwa "excess". Kikiwa Sh 50,000 na matengenezo yakagharimu Sh 40,000, mteja analipa zote 40,000 na bima hailipi hata senti. Matengenezo yakifika Sh 180,000, mteja analipa 50,000 na bima inalipa 130,000. Kampuni nyingi huuza nyongeza ya kila siku ya kupunguza kiasi hicho. Kwa mtu wa safari fupi ya mjini nyongeza hiyo inaweza kuwa gharama ya bure, lakini kwa anayekwenda kilomita 1,300 kwenda na kurudi inafaa kupigiwa hesabu.

Pili, kuna vitu ambavyo mara nyingi huachwa nje hata bima ikiwa kubwa: matairi na rimu, kioo cha mbele, vioo vya pembeni, sehemu ya chini ya gari, mambo ya ndani, redio, ufunguo uliopotea, na injini iliyokufa kwa kutiwa mafuta yasiyo yake. Vioo vya pembeni na taa ndivyo vinavyoibwa zaidi kwenye maegesho ya mijini, na ndivyo mteja hulipa mwenyewe.

Tatu, kuna makosa yanayoifuta bima yote. Dereva ambaye jina lake halimo kwenye mkataba ni kosa la kwanza. Mfanyabiashara akichoka na kumpa usukani mwenzake aliyeketi naye, bima imeishia hapo, hata kama mwenzake ana leseni ya miaka 20. Makosa mengine ni kuendesha ukiwa umelewa, kubeba abiria wa kulipa, kubeba mizigo ya watu kwa malipo, na kwa baadhi ya kampuni kuendesha usiku nje ya mji.

Nne, na hapa ndipo pigo kubwa lilipo kwa wavuka mipaka, kila bima ina eneo lake. Zipo zinazotaja Kenya, Uganda na Tanzania, na zipo zinazotaja nchi moja tu. Ya namna ya pili inaweza kuambatanishwa na kadi ya njano bila tatizo lolote, kwa kuwa kadi inahusu mtu wa tatu. Dereva atavuka Malaba na kadi halali mkononi, huku bima ya gari lenyewe imebaki upande wa Kenya.

Turudi kwa mfanyabiashara wetu. Ikiwa bima ya gari inafika Uganda na kampuni ilimruhusu kuvuka, sehemu yake ni Sh 50,000. Ikiwa bima iliishia mpakani, analipa matengenezo yote Sh 180,000. Juu yake anaweza kudaiwa breki dauni la kulivuta gari hadi Nairobi, tuseme Sh 70,000, na kodi ya siku 10 ambazo gari lilikuwa gereji, yaani Sh 60,000. Jumla ni Sh 310,000. Tarakimu ni za mfano, lakini vipengele vyote vitatu vipo kwenye mikataba ya kawaida, na mteja huwa ameviwekea sahihi.

Gari la kampuni au gari la rafiki

Bei ikionekana kubwa, wengi hutafuta gari la mtu binafsi kupitia rafiki au dalali. Bei hupungua kwa sababu ambayo mteja haambiwi: gari hilo limekatiwa bima ya matumizi binafsi. Bima ya namna hiyo haitambui ukodishaji. Siku ya ajali, mpelelezi wa kampuni ya bima akigundua kuwa aliyekuwa anaendesha alikuwa amelipa kodi, dai la uharibifu wa gari hukataliwa, na mwenye gari hugeuka kumdai mteja thamani yote.

Kwa Tanzania kuna alama moja inayoonekana kwa macho. Magari ya biashara hubeba namba zenye rangi nyeupe, na ya binafsi hubeba namba za njano. Ukikodishiwa Arusha au Mwanza gari lenye namba ya njano, jua unakodishiwa gari ambalo kwenye vitabu si la kukodisha. Kwa Kenya, cheti cha bima hutaja aina ya matumizi, na gari la kukodisha hutakiwa kuwa limeandikwa hivyo. Cheti kikisema matumizi binafsi, mazungumzo yaishie hapo.

Kuhakiki bima yenyewe siku hizi si kazi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo wa mtandao ambako stika huhakikiwa kwa namba ya gari au namba ya stika. Kenya nayo hutoa vyeti vya kidijitali vinavyoweza kuhakikiwa. Dakika 5 za kuhakiki kabla ya kulipa ni nafuu kuliko kugundua Namanga kwamba stika ni ya kughushi.

Tahadhari hiyo hiyo inahusu kadi ya njano. Vishoka wa mpakani huwa na kadi za haraka. Iliyo salama ni ile iliyotolewa na kampuni iliyolikatia gari bima, yenye namba ya gari, tarehe za safari na majina ya nchi zote utakazopita. Anayekwenda Kigali kupitia Uganda anahitaji nchi zote mbili ziwe zimetajwa.

Ruhusa na karatasi za forodha

Gari la kukodi si mali ya anayeliendesha, na ofisa wa forodha anataka kujua mwenyewe amekubali. Kwa hiyo msafiri anahitaji barua ya idhini ya mwenye gari yenye mhuri, inayotaja jina la dereva, namba ya pasipoti au kitambulisho, namba ya gari, nchi anazokwenda na tarehe ya kurudi. Aongeze nakala ya kadi ya gari, ambayo Kenya huiita logibuku, na nakala ya mkataba wa kukodi. Bila barua hiyo, gari linaweza kushukiwa kuwa la wizi, na dereva kuishia polisi badala ya sokoni.

Mpakani gari hupewa kibali cha muda cha forodha chini ya sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kibali hicho kinasema gari limeingia bila kulipiwa ushuru kwa sharti kwamba litatoka kabla ya tarehe fulani. Kwenye vituo vya pamoja kama Malaba, Busia, Namanga, Holili, Mutukula na Rusumo, taratibu za nchi mbili hufanyika upande mmoja, lakini kibali bado kinahitajika.

Mtego wake huja baada ya ajali. Gari likilala gereji Jinja wiki 3 huku kibali ni cha wiki 2, forodha haihesabu rejeta iliyopasuka. Inahesabu gari la kigeni lililopitiliza muda, na faini au hata kuzuiwa kwa gari vinaweza kufuata. Aliyesaini kibali ni dereva. Kwa hiyo mara tu inapoonekana kwamba gari halitarudi kwa wakati, aende ofisi ya forodha na ripoti ya polisi mkononi aombe muda kuongezwa kabla tarehe haijapita.

Pia kila mpaka una tozo zake za magari ya kigeni. Anayeingia Zambia kupitia Tunduma, kwa mfano, hukutana na kodi ya hewa ukaa, tozo ya barabara na ushuru wa halmashauri, mbali na kadi ya njano. Tozo hizi hubadilika kwenye bajeti, hivyo ni vema kuuliza kampuni ya kukodisha au wakala wa forodha wiki ya safari, na kudai risiti kwa kila kinacholipwa.

Jambo jingine la kukumbuka ni upande wa barabara. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na Ethiopia huendesha kulia. Anayevuka Rusumo au Gatuna na gari lenye usukani wa kulia hawezi kuona vizuri mbele anapotaka kulipita lori. Kampuni kadhaa hukataa magari yao kwenda nchi hizo kwa sababu hiyo, na ukienda bila ruhusa, unarudi kwenye hesabu ya Sh 310,000.

Bili inayokuja baada ya safari

Hata bila ajali, bili ya mwisho inaweza kuwa mara mbili ya ile ya mwanzo. Sababu kubwa ni kilomita. Mikataba mingi hutoa kilomita maalumu kwa siku na kutoza kila kilomita inayozidi.

Tuseme gari la mfano wetu lina kilomita 150 kwa siku na kila inayozidi ni Sh 30. Kwa siku 4 mteja ana kilomita 600. Nairobi hadi Kampala ni takriban kilomita 650, kwenda na kurudi 1,300. Akiongeza mizunguko ya mijini kilomita 100, jumla ni 1,400. Zimezidi 800, sawa na Sh 24,000. Hiyo ni kodi yote ya gari mara ya pili. Angeuliza bei ya gari lisilo na ukomo wa kilomita kabla ya kusaini, angeweza kulipa hata Sh 9,000 kwa siku na bado akabakiza Sh 12,000.

Mafuta ni la pili. Utaratibu usio na ugomvi ni kupokea tangi limejaa na kurudisha limejaa, ukiwa na risiti ya kituo kilicho jirani na ofisi ya kampuni. Utaratibu wa "rudisha kama ulivyolikuta" huleta mabishano, kwa sababu mshale wa mafuta kila mtu huusoma anavyotaka.

La tatu ni faini. Siku hizi faini nyingi za barabarani huandikwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa kompyuta. Kwa Tanzania, kosa moja la gari kwa miaka mingi limekuwa likitozwa Sh 30,000 za Tanzania, na deni hukaa kwenye namba ya gari hata dereva akiwa ameshapanda ndege. Kampuni ikilipa, humdai mteja faini pamoja na gharama ya usumbufu. Mteja aombe deni la namba ya gari likaguliwe siku anapolichukua na siku anapolirudisha, ili asilipe makosa ya aliyemtangulia.

La nne ni barabara za kulipia. Barabara ya juu ya Nairobi kati ya Mlolongo na Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, na ile ya Kampala hadi Entebbe iliyoanza kutoza Januari 2022, hulipwa na dereva. Si fedha nyingi, lakini ziwekwe kwenye bajeti.

La tano ni kuchelewa. Saa 2 au 3 za kuchelewa zinaweza kuhesabiwa siku nzima. Mwenye kurudi kupitia mpaka wenye foleni ya malori aweke akiba ya nusu siku au apige simu mapema, na akiri hilo kwa ujumbe wa maandishi ili ubaki ushahidi.

La mwisho ni amana. Ukilipa kwa kadi ya benki, kampuni huzuia kiasi fulani, na fedha hizo zinaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki chache kuachiwa. Kwa mfanyabiashara, huo ni mtaji uliolala. Ukilipa taslimu au kwa simu, dai risiti inayosema wazi ni amana na itarudishwa lini na kwa fedha ya nchi gani. Amana iliyowekwa kwa dola na kurudishwa kwa shilingi kwa kiwango cha kampuni hupungua njiani. Na mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa fedha ya nchini kwenu, kwa kawaida ni nafuu kuchagua fedha ya nchi uliyopo, kwa kuwa kiwango cha ubadilishaji cha mashine huwa na faida ya mtu ndani yake.

Ajali ikitokea

Mlolongo wa kufuata ni mfupi, na kuuruka kunaweza kuua dai lote. Msaidie majeruhi kwanza. Usiliondoe gari kabla polisi hawajafika, isipokuwa usalama wako uko hatarini. Katika hali hiyo nenda moja kwa moja kituo cha polisi cha karibu. Piga picha za magari yote, namba zake, barabara na stika za bima.

Usikubali kosa kwa maandishi na usiahidi fidia barabarani. Mapatano ya papo hapo ya kumaliza mambo kienyeji yanaonekana nafuu, lakini bima nyingi hukataa dai ambalo mteja amelikubali bila idhini yao, na aliyelipwa jioni anaweza kurudi mahakamani baada ya miezi 6.

Chukua ripoti ya polisi. Kwa majeruhi kuna fomu ya matibabu, ambayo Tanzania ni PF3 na Kenya ni P3. Ijulishe kampuni ya kukodisha siku hiyo hiyo, na kupitia kwao au moja kwa moja uijulishe kampuni ya bima iliyotoa kadi ya njano pamoja na ofisi ya mpango huo katika nchi uliyopo. Hata mkwaruzo ulioukuta umefanyika maegeshoni unahitaji ripoti, kwa sababu mikataba mingi haitambui uharibifu usio na karatasi ya polisi.

Kwa wanaokodi malori na pikapu

Wasafirishaji wanaokodi lori la nchi jirani wana pengo lao la ziada. Kadi ya njano haihusu shehena, na bima kubwa ya lori hulinda lori. Mzigo unahitaji bima ya mizigo safarini, iliyokatwa kwa jina la mwenye mali na kwa thamani halisi ya mali.

Wengi huchanganya bima hiyo na dhamana ya forodha. Dhamana, ikiwemo ile ya kikanda ya COMESA inayojulikana kama RCTG, huihakikishia serikali kuwa itapata ushuru wake ikiwa mzigo wa kupitisha utabaki nchini. Lori likipinduka na mchele ukamwagika, dhamana haimlipi mwenye mchele. Inawezekana hata forodha ikataka maelezo ya mzigo uliopotea.

Uzito nao uandikwe kwenye mkataba. Sheria ya Jumuiya ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa lori lenye ekseli 7. Faini ya mizani ikimwangukia aliyekodi au mwenye lori ni jambo la kukubaliana kabla ya kupakia.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupokea ufunguo

1. Cheti cha bima kinataja ukodishaji, au matumizi binafsi?
2. Bima kubwa ya gari inafika nchi zote ninazokwenda? Onyesha maandishi.
3. Kiasi cha kubeba mwenyewe ni kipi, na kukipunguza ni shilingi ngapi kwa siku?
4. Matairi, vioo na kuvutwa kwa gari ng'ambo ya mpaka ni juu ya nani?
5. Gari likikaa gereji, nitadaiwa kodi ya siku ngapi?
6. Kilomita ni ngapi kwa siku, na kila inayozidi ni bei gani?
7. Madereva wote watakaoshika usukani wameandikwa?
8. Barua ya idhini, nakala ya kadi ya gari na kadi ya njano viko tayari, na tarehe zake zinazidi siku za safari?
9. Amana itarudi lini, kwa njia gani na kwa fedha gani?

Baada ya majibu, mteja azunguke gari pamoja na mfanyakazi wa kampuni, apige picha za kila mkwaruzo, dashibodi yenye kilomita na mafuta, tairi la akiba na jeki, kisha afanye hivyo tena anaporudisha. Jibu lolote ambalo kampuni haiko tayari kuliandika lihesabiwe kuwa ni hapana.

Mfanyabiashara wa mchele wa mfano wetu alikwenda Kampala kufuata deni. Akiwa na bima inayofika Uganda na ruhusa ya kuvuka, safari hiyo pamoja na ajali yake ingemgharimu kodi ya Sh 24,000, kilomita Sh 24,000 na sehemu yake ya matengenezo Sh 50,000, jumla Sh 98,000. Bila hivyo viwili, bili inafika Sh 358,000, na hapo deni alilolifuata linaweza lisitoshe kulipa gari alilolifuatia.